Chekechea ya Shangani, wiki ya kwanza nilitaka kumtoa mtoto

Wazazi wenzangu wa Mtwara, ngojeni niwaambie kuhusu hiki kituo cha huku Shangani nilikompeleka kijana wangu, maana wiki ya kwanza nilikuwa nishaanza kudai hela yangu. Naenda kumchukua saa sita namkuta ana mchanga mpaka masikioni, daftari halina hata herufi moja. Alikotoka (sikitaji) alikuwa na miaka mitatu na nusu anakalishwa dawatini anajaza a e i o u ukurasa mzima, asipomaliza hatoki nje, ikafika mahali akiliona begi tu asubuhi analia.

Basi nikamfata mwalimu, mama mtu mzima, wala hakukasirika, akaniambia mama keti hapa uangalie. Watoto wanne wamezunguka kishimo wanacheza mdako ila badala ya mawe wana korosho, zile kavu zisizopasuliwa, na mwalimu anazikagua kwanza maana mafuta ya ganda yanaunguza mikono. Unarusha moja juu, unakomba za shimoni, unadaka, halafu unarudisha unabakiza moja. Wangu akakomba nne, akaziangalia weee, akarudisha tatu huku anahesabu kwa sauti. Hapo nikanyamaza. Ni hesabu ya kutoa ile, na hakuna aliyemwambia kwamba anasoma. Na zamu ya mwenzie akasubiri, huyu huyu ambaye nyumbani hakubali kushindwa hata na dada yake.

Udongo wanaofinyanga kila asubuhi nao nikaelezwa, vidole vya mtoto mdogo bado laini, vinapata nguvu kwenye udongo kwanza ndo baadae penseli anaishika bila kuumia. Kuna kona ya duka, makopo matupu na vizibo vya soda ndo hela, humo wanauziana na kupatana bei siku nzima, mtoto anaongea kuliko angekaa anaitikia tu darasani. Na hizi kona za ujifunzaji hawajajitungia, zipo kwenye mtaala wa awali wa serikali. Sera ya elimu toleo la 2023 yenyewe inasema awali ni mwaka mmoja na la kwanza wanaanza na miaka 6, sasa sisi wa miaka mitatu tunamkimbiza wapi jamani?

Kilichoniudhi ni kivuli, uwanja wote una mwarobaini mmoja na jua la Januari mnalijua, watu wazima tu tunakimbilia barazani. Walimu nao wawili kwa watoto zaidi ya thelathini ni wachache, waongeze. Halafu saa saba kamili wanafunga, msimu wa korosho mzazi uko kwenye mzani na foleni haisogei, mpange mtu wa kumchukua mapema.

Ada tunalipa kwa awamu, wanaelewa ukiongea nao. Mvalishe nguo kuukuu, na ya kubadilisha uiweke kwenye begi.