TAHADHARI: dalali wa vyumba vya faragha hotelini, hata ukipiga simu kuhakiki utaambiwa "jina lako lipo"

Wale mnaotafuta chumba cha faragha cha kulia au kaukumbi kadogo kwenye hoteli ya nyota tano, iwe besidei, dina ya ofisi au kikao cha wakubwa, someni hapa kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anajiita afisa matukio wa hoteli, anatupia picha kali za meza ndefu na taa za kuning'inia (kazitoa kwenye tovuti ya hoteli hiyohiyo) na bei yake iko chini kidogo tu, siyo sana, maana ingekuwa chini sana ungeshtuka.

Sasa utasema si napiga tu simu hotelini naulizia. Hapo ndo ujanja wake ulipo. Hoteli nyingi zinakubali kukushikia chumba siku kadhaa bila kulipa kitu wakati unajipanga na dipoziti, kwahiyo yeye anapiga anashika tarehe kwa jina lako, alafu anakwambia mwenyewe kabisa "kama huniamini wapigie". Unapiga, mapokezi wanaangalia, ndiyo jina lipo, tarehe ipo, unashusha pumzi unamtumia dipoziti yote. Muda ukiisha hoteli inafuta, chumba anapewa mwingine, jamaa hapatikani. Rafiki yangu alifika na wageni wake wamependeza, akakuta mlangoni jina la kampuni nyingine kabisa, na wale wahudumu siwezi kuwalaumu maana hela haikuingia kwao hata senti.

Kwahiyo usiulize kama jina lipo. Uliza bukingi imethibitishwa au imeshikwa tu, dipoziti mmepokea kiasi gani na risiti namba ngapi, na waulize idara ya matukio, kwa namba uliyoitoa mwenyewe kwenye tovuti rasmi siyo aliyokupa yeye.

Akaunti ikiwa na jina la mtu binafsi achana nayo, hata akupe stori gani ya "akaunti ya hoteli ina shida wiki hii". Imeili iangalie herufi kwa herufi. Na mkataba wake ni karatasi moja yenye nembo na jumla ya "kodi ya chumba", wakati hoteli za hivi mara nyingi hazikukodishii kuta, zinakupa kiwango cha chini cha matumizi ya chakula na vinywaji (yaani lazima mtumie angalau kiasi hicho), juu yake sevisi chaji na kodi ya serikali, siku ya mwisho ya kuthibitisha idadi ya wageni na masharti ya kughairi. Kama hayo yote hayamo, shuku kwamba huyo siyo mtu wa hoteli.

Ukiweza lipa kwa kadi moja kwa moja hotelini, angalau benki unaweza kupinga muamala.

Kama ushatuma, piga benki au mtandao wako wa simu sasa hivi wajaribu kuzuia, nenda polisi, na waambie hoteli pia kwasababu huenda wanayo namba iliyotumika kushika ile tarehe.