WordPress, Wix, Squarespace au Shopify: ipi inamfaa mfanyabiashara wa Mwanza?

Mfanyabiashara wa Mwanza anayetaka tovuti hakosi wa kumshauri siku hizi. Kila mbunifu ana jukwaa lake analolisifia, na matangazo ya majukwaa yenyewe yanaahidi jambo lile lile: tovuti nzuri, kwa muda mfupi, bila kuandika msimbo. Mimi huwatengenezea tovuti wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba, wenye nyumba za wageni wa Ukerewe na shule binafsi za Ilemela, na kabla ya kuangalia uzuri wa violezo (miundo ya kurasa iliyo tayari) huuliza kwanza jukwaa linalinufaisha jina la nani, la mwenye biashara au la mwenye jukwaa.

Wix, iliyoanzishwa Israel mwaka 2006, ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu anayeanza, kwa kuwa unaburuta picha na maandishi hadi mahali unapotaka na unaona matokeo papo hapo. Tatizo liko kwenye mpango wake wa bure, ambao ndio unaowavutia wengi. Anwani ya tovuti inakuwa na neno wixsite.com ndani yake, na juu ya ukurasa hukaa ukanda wa tangazo la Wix. Ukiifungua kwenye simu ndogo, ambayo ndiyo inayotumiwa na wateja wengi, macho yanakutana kwanza na ukanda huo, kisha menyu, na picha ya dagaa waliokaushwa vizuri juani inasukumwa chini. Muuzaji aliyetumia miaka kulijenga jina lake pale Mwaloni hastahili kulitanguliza la mwingine. Ukilipia, ukanda unaondoka na unaweza kutumia kikoa chako, yaani anwani yako mwenyewe ya tovuti, lakini tovuti uliyoijenga humo huwezi kuihamishia kwenye seva nyingine, yaani kompyuta nyingine ya kuhifadhia tovuti. Ukitaka kuondoka, unajenga upya.

Squarespace ina violezo vya kupendeza sana, na kwa nyumba ya wageni yenye picha nzuri za ziwa inafaa kabisa. Haina mpango wa bure, ila majaribio ya siku 14.

Shopify ya Kanada ni hodari kwa duka: hesabu ya bidhaa, oda na ankara vinakwenda kwa mpangilio ambao sijauona kwingine. Hata hivyo, huduma yake yenyewe ya malipo haijafika Tanzania, na ukitumia njia nyingine ya malipo unatozwa asilimia fulani ya kila mauzo juu ya ada ya kila mwezi. Mnunuzi wa hapa anataka kuona lipa namba. Ukimwekea fomu ya kadi ya benki peke yake, anafunga ukurasa na kukupigia simu.

Inabaki WordPress, na hapa nina mengi ya kusema. Programu hii ilianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, na kwa takwimu za W3Techs, wanaofuatilia teknolojia za tovuti, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Kwa jina, hata hivyo, inawachanganya watu vibaya. WordPress.org ndiko unakopakua programu bure ili uiweke kwenye seva unayoichagua mwenyewe, ilhali WordPress.com ni huduma ya kuhifadhi tovuti ya kampuni ya Automattic, inayoongozwa na huyo huyo Mullenweg. Wateja hufika kwangu wakiwa wamekwisha kulipia ya pili huku wakidhani ndiyo ya kwanza. Mwaka 2024 suala la jina lilifika hadi mahakamani nchini Marekani: Mullenweg aliilaumu WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress, kwa kunufaika na chapa ya WordPress, akaifungia huduma za WordPress.org, WP Engine ikashtaki, na Desemba mahakama ikaamuru huduma zirejeshwe. Aliyetegemea masasisho kupitia kampuni hiyo alijikuta katikati ya ugomvi usiomhusu.

Pamoja na hayo, bado naipendekeza. Yaliyomo unaweza kuyapakua na kuyapeleka kwa mhifadhi mwingine, nembo na rangi ni zako tupu, na duka la WooCommerce, programu ya ziada ya kuuzia ndani ya WordPress, linaunganishwa na huduma ya malipo ya Pesapal ili mteja alipe kwa simu. Inahitaji matunzo: programu-jalizi (programu za ziada kama hiyo) zisiposasishwa, wadukuzi huingia, kwa hiyo asiye na mtu wa kuiangalia kila mwezi ni heri alipie Wix au Squarespace.

Jukwaa lolote utakalochagua, hakikisha kikoa cha .co.tz kimesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. Mteja wangu mmoja alitengenezewa tovuti na kampuni ya hapa mjini iliyosajili kikoa kwa jina lake yenyewe. Walipokosana, alibadili anwani kwenye mabango, risiti na vifungashio vyote.