Kamba za kuruka kwa mtoto anayecheza peke yake: ya shanga inazipita zote

Watoto wakiwa watatu, wawili huzungusha kamba na mmoja huruka. Akiwa peke yake, mtoto ndiye mzungushaji na ndiye mrukaji, na ugumu wote unahamia mikononi. Kuruka kwenyewe si tatizo kwa watoto wengi wa miaka mitano au sita. Kinachowashinda ni kuirudisha kamba juu ya kichwa kwa mwendo uleule mara ya pili na ya tatu. Ndiyo maana tunazipima kamba hizi kwa swali moja: kamba yenyewe inamsaidia mtoto kuzungusha, pale ambapo hakuna mtu wa kumwelekeza?

Kwa kipimo hicho, kamba ya shanga haina mshindani. Ni uzi wa nailoni uliopitishwa ndani ya vipande vya plastiki, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama sentimita 2.5. Uzito umesambaa kamba nzima, kwa hiyo hata ikizungushwa polepole haipotezi upinde wake. Ikigusa sakafu inalia "ta", na mlio huo ndio mwalimu. Mtoto huanza kufuata sikio badala ya kuitazama miguu yake, na kichwa kikiinuka mgongo nao hunyooka. Rangi mbili zinazopishana zinamwonyesha kamba ilipo hewani.

Ina ubaya wake. Ikimchapa mguuni inauma kuliko ya pamba, na shanga ngumu hupasuka kwenye zege, hasa zile za katikati zinazogonga chini kila mzunguko. Chagua shanga zinazobonyea kidogo ukizibana kwa vidole. Angalia pia zilivyopangwa: zikibanana sana kamba inakakamaa kama fimbo, zikiachana sana uzi unabaki wazi na kulika. Za katikati zikichakaa, usitupe kamba. Fungua fundo la upande mmoja, vua shanga, kisha zipange upya: zilizokuwa karibu na mpini zije katikati, zilizochoka ziende pembeni. Ni kazi ya uvumilivu, lakini kamba inapata maisha ya pili.

Kamba ya plastiki ya PVC, yenye unene wa milimita 4 au 5, inafuata kwa karibu. Ni nyepesi, inakata hewa vizuri, na inamfaa mtoto anayeweza kuruka mara ishirini bila kukwama. Kasoro yake ni kwamba huuzwa ikiwa imekunjwa, na mikunjo hiyo haiondoki yenyewe. Pindi moja iliyobaki karibu na sakafu inatosha kunasa vidole vya mguu, na mtoto atadhani kosa ni lake. Itumbukize dakika chache kwenye maji ya moto yasiyochemka, inyooshe kwa mikono, kisha itundike kwa mipini usiku kucha. Kwenye baridi hukakamaa tena, basi isihifadhiwe mahali penye ubaridi.

Ya pamba ni laini kwa ngozi na ndiyo sifa yake pekee. Ni hafifu mno: ikifika juu ya kichwa inalegea na kuanguka mabegani. Ikilowa inafyonza maji na kuwa nzito upande mmoja. Ya waya uliovikwa plastiki tusiizungumzie sana: ni ya watu wazima wanaotafuta kasi, na inapokosea inachapa kama kiboko.

Kisha kuna zile zenye kihesabio kwenye mpini, ambazo watoto huzipenda dukani. Kifaa hicho kinahesabu mizunguko ya kamba, hakihesabu miruko, kwa hiyo mzunguko uliokwama miguuni nao unaweza kuingia kwenye hesabu. Jambo zito zaidi ni betri bapa ya kitufe iliyo ndani. Mtoto mdogo akiimeza inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili. Kama kifuniko cha betri hakijafungwa kwa skrubu, irudishe dukani. Zile "kamba zisizo na kamba", zenye vipira viwili vizito kwenye nyuzi fupi, zinafaa chumba chenye dari ya chini na basi. Kwa kuwa hakuna kitu cha kukwama, mtoto hajui kamwe kama amewahi au amechelewa.

Aina yoyote utakayochagua, mpini ndio unaoamua mengi. Kamba inapaswa kuzunguka yenyewe ndani ya mpini. Shika mpini mmoja, zungusha kamba ubavuni mara kumi: ikianza kujisokota, tundu limebana au fundo limekwama, na hakuna mazoezi yatakayorekebisha hilo. Mpini mwembamba unaoingia vizuri kwenye kiganja cha mtoto ni bora kuliko mnene wenye sponji, ambao hulowa jasho na kubanduka.

Urefu ndio unaoharibu kamba nyingi nzuri. Mtoto akanyage katikati kwa mguu mmoja na kuvuta mipini juu. Anayeanza, ncha zifike makwapani. Aliyezoea, zishuke hadi kifuani. Mtoto wa sentimita 120 kwa kawaida anatosheka na kamba ya mita 2.1. Ikiwa ndefu zaidi atapanua mikono ili kuikusanya, na kadiri mikono inavyopanuka ndivyo kamba inavyopanda kutoka sakafuni na kumkwaza. Usikimbilie mkasi. Funga fundo la muda kwanza, mwache aruke siku mbili tatu, ndipo ukate ukibakiza sentimita 5 za akiba. Ncha ya nailoni ichomwe kidogo kwa moto na mtu mzima ili isifumuke.

Kwa anayeanza, hatua hizi zinafaa. Kwanza mipini yote miwili ishikwe mkono mmoja, kamba izungushwe ubavuni huku akiruka kila inapogonga chini. Abadilishe mkono. Kisha mipini igawanywe, kamba irushwe mbele, isimame vidoleni, na aivuke kwa kutembea tu. Hapo ndipo mruko mmoja unaingia, halafu miwili. Viwiko vikae karibu na mbavu na kazi ifanywe na vifundo vya mikono. Miguu iinuke sentimita chache tu, akitua kwa sehemu ya mbele ya nyayo. Anayekunja magoti hadi tumboni atachoka kabla hajajifunza. Wengi huongeza kimruko kidogo katikati ya mizunguko. Acha, kitatoka chenyewe kasi ikiongezeka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Hakuna haja ya kuzimaliza zote kwa kamba. Sekunde 30 za kuruka na 30 za kupumzika, mara nane, zinatosha kwa mkupuo mmoja.

Sakafu ya mbao au mkeka mgumu wa mpira ndiyo mahali pazuri. Nyasi hunasa kamba, na zege huila kamba pamoja na magoti. Akimaliza, itundikwe juu asikofika mdogo wake, na isifungwe kamwe kwenye bembea, mtelezo wala ngazi ya kuchezea: kitanzi kikimkuta mtoto shingoni, hakuna wa kumwinua.