Ripoti za Google za mienendo ya watu wakati wa korona: nyota tatu kwa tano

Mimi ni fundi simu Kangemi, Nairobi, na ripoti hizi nimezipima kama fundi. Google ilizitoa bure Aprili 2020, siku chache kabla ya Nairobi kufungwa.

Kutumia ni rahisi. Hali ya kawaida imechukuliwa kati ya Januari 3 na Februari 6, 2020, kisha watu waliofika mahali au muda waliokaa kila siku unalinganishwa nayo kwa asilimia: madukani na kwenye starehe, vyakula na dawa, bustani, vituo vya usafiri, kazini, nyumbani. Hakuna jina la mtu. Hapo nawapa heko.

Lakini wamehesabu nani? Simu iliyowashwa historia ya mahali, yaani Google ihifadhi kila ulikopita, basi. Hiyo swichi naijua sana, wateja huniletea niizime wakisema inamaliza chaji na bando. Na hao ni wenye simu janja. Mama fua mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, hayumo, mtu wa mjengo pia hayumo. Mwajiri wao yumo, yuko sebuleni na laptopu, na asilimia ya kazini inaporomoka kwa ajili yake. Google wenyewe waliandika kwamba huenda takwimu hizi zisiwakilishe watu wote, ila onyo hilo halikuchorewa grafu.

Kilichonikera zaidi ni vituo vya usafiri. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni. Matatu ya abiria 14 ikaambiwa ibebe 8, nauli ikapanda, watu wakaanza kutembea. Stejini kukawa wazi. Ukisoma asilimia pekee utasema wametulia kwao, kumbe wako barabarani, Waiyaki Way, viatu mkononi wengine, wanashindana na saa ya polisi.

Hiyo ya "nyumbani" nayo hupima muda, si idadi ya watu waliofika kama kwingine. Sawa, lakini kwenye ploti zetu nyumba ni chumba kimoja, choo cha pamoja kiko nje, maji ni ya foleni. Umekaa nyumbani na bado uko katikati ya watu.

Tena hazishuki hadi mtaani. Loresho, mtaa wa matajiri, iko ng'ambo ya barabara tu, lakini sisi na wao tumetiwa kwenye namba moja.

Takwimu mpya ziliisha Oktoba 2022. Mwanafunzi anayeandika kuhusu wakati ule azitumie, ila aje pia awaulize makanga na wauza maji.