Saluni ya mtaa wa Kisasa, Dodoma, niliyompeleka mama

Mwaka jana, siku ya sendofu ya mdogo wangu, tulipakwa mekapu kwenye saluni moja ya mjini ambayo jina lake naliacha. Mle ndani, chini ya balbu za njano, tulipendeza kweli. Tukatoka saa tisa mchana na jua la Dodoma likatuumbua: nyuso zimepauka kama tumepakwa unga, shingo nyeusi zilezile. Taa ya njano hutia kila kitu unjano, kwa hiyo mpakaji haoni kwamba faundesheni imezidi weupe. Mdogo wangu alilia garini, na mimi bado inaniuma.

Kwa hiyo nilipompeleka mama kwenye saluni hii ya Kisasa nilianza kwa kukagua taa. Zipo mbili, zimesimama wima pande zote za kioo, usawa wa uso. Taa ikiwa juu ya kichwa peke yake hutupa kivuli chini ya macho, na mama wa miaka 63 anajiona mgonjwa. Dada mwenye saluni alinionyesha boksi la balbu: kelvini 4000 (kipimo cha rangi ya mwanga, hapa ni mweupe usio wa njano sana), CRI zaidi ya 90 (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi, mwisho 100), yaani rangi inaonekana karibu na ilivyo kweli.

Kwenye sinki ndipo nilipomkubali. Kwingine unalazwa chali huku balbu inakuchoma macho. Hapa taa imegeuziwa ukutani, mwanga unakujia kwa upole. Mama, ambaye saluni hukaa amekunja ngumi, alisinzia akioshwa nywele.

Vitana na brashi vimefunikwa kwa taulo safi, jambo kubwa katika mji huu wa upepo na vumbi. Kasoro ni mapokezi: taa za bluu na nyekundu zinazobadilika kila sekunde, zinachosha, dada azitoe. Na bei zibandikwe ukutani. Nililipa 55,000 kwa nywele na mekapu baada ya kuuliza mara mbili.

Katikati ya kazi umeme ulikatika. Hakuwasha tochi ya simu. Alisema, "Mama, samahani, tusogee dirishani," akavuta kiti hadi kwenye pazia jepesi jeupe, akaendelea.

Kabla hatujalipa alimpa mama kioo cha mkononi, akamshika mkono mpaka barazani, juani. Mama alijitazama kushoto, kulia, akashuka hadi shingoni. Kisha akamuuliza kama Pasaka watafungua.