AJOL na DOAJ: nilivyopata jarida la makala yangu ya elimu

Kwa mtafiti wa elimu aliyeko Tanzania, ushauri wangu ni huu: anza na AJOL (African Journals Online), halafu nenda DOAJ (Directory of Open Access Journals), tovuti mbili za kutafutia majarida ya kitaaluma. Nilizitumia zote mbili kutafuta jarida la makala iliyotokana na tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu ufundishaji wa kusoma darasa la pili chini ya mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa 2015. Zimenifaa sana.

AJOL, iliyoanza 1998 na yenye makao Afrika Kusini, hukusanya majarida yanayochapishwa barani Afrika. Raha yake ni kwamba unafungua toleo baada ya toleo na kusoma ikisiri, yaani muhtasari wa makala, bila kulipa, na hapo ndipo uchaguzi wenyewe unapofanyika. Jarida linaweza kujiita la elimu, kumbe matoleo yake karibu yote yanazungumzia uongozi wa vyuo vikuu. Makala kuhusu mtoto anayeunganisha silabi itakuwa mgeni humo, hata iandikwe vizuri namna gani. Papers in Education and Development, la Shule Kuu ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), nalo nililipitia kwa njia hiyohiyo, nikitafuta kitu kimoja tu: je, wanaoandika humu wanajadili madarasa kama ninayoyajadili mimi?

Tangu 2017 AJOL huonyesha pia nyota za JPPS (Journal Publishing Practices and Standards), mfumo wa kupima majarida, moja hadi tatu. Nyota hizo hupima taratibu za uchapishaji, kwa mfano kama wahariri wanafahamika na kama uhakiki, yaani makala kupimwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa, umeelezwa wazi. Hazipimi uzito wa makala, kwa hiyo jarida la nyota moja usilikimbie kabla hujalisoma. Kinachoniudhi ni kuwa baadhi ya makala kamili bado zinalipiwa.

DOAJ ilianzishwa 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, na huorodhesha majarida yanayosomwa bure pekee. Wako makini: 2016 waliondoa majarida yapatayo 3,300 ambayo hayakuomba upya chini ya vigezo vipya. Kila jarida lina ukurasa unaotaja ada anayotozwa mwandishi ili achapishiwe, aina ya uhakiki na wastani wa wiki kutoka kupokea hadi kuchapisha. Unaweza hata kuchuja ubaki na yasiyotoza ada. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa ualimu, huo ni msaada mkubwa mno.

Kuhusu ada, liangalieni hili mapema. Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania hadi kundi la kipato cha kati cha chini, na wapo wachapishaji wanaosamehe ada yote kwa nchi za kipato cha chini tu, huku sisi tukipewa punguzo. Omba msamaha wa ada unapotuma makala. Makala ikishakubaliwa, wengi hawasikilizi tena.

Jarida kukosekana DOAJ hakulifanyi kuwa la kitapeli. International Journal of Educational Development la Elsevier halimo kwa sababu maktaba hulilipia, na ni jarida la heshima tangu 1981. Barua pepe inayokusifia na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache, hiyo ifute. ISSN, yaani namba ya utambulisho wa jarida, peke yake isikutulize pia, maana inathibitisha usajili tu.

Na kama chuo chako kinadai jarida liwemo Scopus, hifadhidata ya Elsevier ya majarida ya kitaaluma, tafuta jina la jarida katika orodha ya Scopus yenyewe, ambayo ni bure kuiangalia. Nembo iliyobandikwa kwenye ukurasa wa jarida haitoshi, kwani majarida huondolewa na nembo zikabaki.