Kangaroo Island kwa gari na hema: panapolipa na panapochosha

Ramani ya Australia Kusini inahadaa. Kangaroo Island inaonekana kipande tu mbele ya Adelaide, kumbe ina urefu wa takribani kilomita 150 na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 4,400. Unguja ingeingia humo mara mbili na nafasi ikabaki. Wanaoenda kwa siku mbili hula muda wao barabarani, wakarudi wakisema kisiwa hakina kitu. Usiku nne ndicho kiwango cha chini cha safari inayostahili nauli ya kivuko, na nauli yenyewe si ndogo.

Kivuko cha magari kinatoka Cape Jervis, bara, kwenda Penneshaw, kisiwani, kwa dakika 45. Kutoka Adelaide hadi Cape Jervis ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Nauli ya gari hufuata urefu wake, kwa hiyo mwenye tela apime vyote pamoja kabla ya kuweka nafasi, na wakati wa likizo za shule aweke mapema sana. Gari la kukodi lina mtego wake. Kampuni nyingine za bara haziruhusu magari yao kuvuka, na zinazoruhusu mara nyingi huondoa kwenye bima tairi, kioo cha mbele, uvungu na ajali ya mnyama baada ya jua kuzama. Soma kipengele hicho kabla ya kulipa. Asali na nyuki ni marufuku kuingizwa, kwa sababu kisiwa kimetengwa tangu 1885 kuhifadhi nyuki wa Liguria, aina yenye asili ya Italia. Chupa ya asali iache nyumbani. Ya kisiwani ni nzuri kuliko hiyo.

Madereva waliozoea Kenya au Tanzania hawatababaika, maana hapa pia watu hupita kushoto. Barabara kuu zina lami. Kazi iko kwenye barabara za changarawe, ambazo nyingi zimemwagwa vijiwe vya duara vyekundu vinavyoviringika chini ya tairi. Punguza upepo wa tairi kidogo, usizidi kilomita 60 kwa saa, na funga breki kabla ya kona, si ndani yake. Mnyama akiruka mbele yako, funga breki na usukani ushike ukiwa umenyooka. Wengi hawaharibikiwi kwa kumgonga kangaruu. Wanaharibikiwa kwa kumkwepa, gari likapinduka.

Ndiyo maana ratiba yote ipangwe kwa jua. Kangaruu na walabi wa tama, jamaa zao wadogo, hutoka machweo kula majani ya kandokando ya barabara, ambayo hupata maji yanayochuruzika kutoka kwenye lami. Juni jua huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni; Januari ni karibu saa mbili na nusu usiku. Hema liwe limesimama saa moja kabla ya hapo.

Kwa kambi, pendekezo letu ni hili: usiku wa kwanza Antechamber Bay, karibu na Penneshaw, kando ya mto Chapman, kisha usiku zilizobaki Vivonne Bay, katikati ya pwani ya kusini. Vivonne Bay si kambi ya kifahari, ila kutoka hapo Seal Bay, ufukwe wa simba bahari, ni karibu, na Flinders Chase, hifadhi ya taifa ya magharibi, ni kama saa moja, na kuna duka lenye mafuta. Kulala Kingscote kwa sababu ndio mji mkubwa ni kosa la kawaida. Utakuwa unaendesha kilomita 100 na zaidi kwenda magharibi, halafu unarudi gizani. Kambi za hifadhi za taifa hulipiwa mtandaoni kabla ya kufika. Moto wa 2019–2020 uliteketeza karibu nusu ya kisiwa, hasa magharibi, hivyo hakikisha kwanza kambi unayoitaka imefunguliwa.

Maji ya kunywa beba yako. Chukua vigingi vya hema virefu vya mchangani na vifupi vya chuma kwa ardhi ya mawe, kwani upepo wa bahari ya kusini hung'oa hema zilizofungwa kivivu. Chakula kikae ndani ya gari usiku. Posamu, wanyama wadogo wa usiku wapandao miti, hupasua hema kwa harufu ya mkate tu. Siku ya marufuku kamili ya moto, ndani ya hifadhi hata jiko la gesi haliwashwi, basi weka akiba ya chakula kisichopikwa. Simu hupotea magharibi: pakua ramani mapema na ujaze mafuta kila unapopita kituo.

Na wanyama? Seal Bay inastahili kila senti ikiwa utalipia matembezi ya kushuka ufukweni na mwongozaji, maana njia ya mbao pekee hukuweka mbali na simba bahari. Wao huzaa kwa mzunguko wa miezi 17 hadi 18, kwa hiyo usipangie mwezi maalumu wa kuona watoto. Sili wenye manyoya wako bure chini ya Admirals Arch, tao la mwamba kando ya bahari, ukishalipa kiingilio cha Flinders Chase. Koala watafute juu ya mikalitusi mchana, wamelala. Si wenyeji, waliletwa miaka ya 1920. Ekidna, wanyama wadogo wenye miiba, huonekana zaidi Juni hadi Agosti, majira ya kupandana, dume kadhaa wakimfuata jike mmoja kwa mstari. Hiyo peke yake inatosha kuvumilia baridi.

Remarkable Rocks, miamba mikubwa ndani ya Flinders Chase, nenda asubuhi mapema, kabla mabasi hayajafika. Mwamba ukiwa umelowa usipande: granaiti yake inateleza na chini ni bahari wazi.